Msiba wa Mzungu Uani Kwangu, Ipagala

Siku ile uani kwangu tulikuwepo hawa. Mimi mwenyewe, mwenye ua. Mkwe wangu, mjane wa kitindamimba wangu, ninayekaa naye mpaka leo. Jirani yangu wa ukuta wa kushoto, mama wa Kondoa, Mwislamu, anayekaanga maandazi alfajiri. Huyo kwangu ni zaidi ya ndugu, maana ndiye aliyemfumba macho mwanangu mimi nikiwa siwezi kusimama. Seremala wa mtaa wa nyuma, ambaye alikuwa kiongozi wa kikundi cha waumini wa dini ya vijana ninaowataja sasa hivi, hapa Dodoma. Na vijana wawili wenyewe, Mkenya na Mzungu, waliopanga nyumba ya ukuta wa kulia. Wengine walikuja na kuondoka, wa kanisani kwangu na wa mtaani, hao siwaweki.

Majina ya wote ninayo, yao na ya baba zao, hata la huyo marehemu tuliyemlilia bila kumwona ana kwa ana. Lakini aliyefiwa hajaniruhusu kumtaja, na nikimficha yeye peke yake itakuwa kama nimemtenga. Basi wote nawaacha hivyo hivyo.

Vijana wale walikuwa wamisionari wa wale watu wanaoitwa Wamormoni. Hutumwa wakiwa wabichi kabisa, miaka miwili, kwenye nchi wasiyoichagua wenyewe, na wakirudi ndipo waende chuo, ndipo waoe. Shati jeupe, tai, suruali nyeusi, hata jua likiwa la kupasua kichwa, na kifuani kibao cheusi kilichoandikwa Mzee fulani. Mkwe wangu aliposoma kile kibao mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini.

"Mzee gani huyu hata ndevu hana?"

Mzungu akamjibu kwa Kiswahili chake cha kujifunza, anakitafuta neno kwa neno, "Mimi ni mzee mchanga, mama."

Siku ile ile niliwaambia ukweli wangu. Nikasema, wajukuu zangu, mimi nimebatizwa tangu mtoto, na kanisani kwangu wanajua hata nyimbo za kunizikia, kwa hiyo msipoteze muda na mimi. Wakacheka. Mkenya akaniuliza kama nina ndoo tupu. Nyonga yangu ilikuwa imeshaharibika, na bombani kwetu maji yanatoka yanavyotaka yenyewe. Tangu hapo ndio walionichotea. Walikuwa na siku zao za kutumikia watu, wanavua tai, wanavaa fulana, wanapita wanauliza, "Kuna kazi gani?" Watu wa mtaa huu nao si wajinga, kazi zikaonekana. Wamelima bustani za watu, wamefyatua tofali, wamebeba magunia ya mahindi yaliyoshushwa kutoka Kibaigwa mpaka mabega yakachubuka.

Sheria zao zilikuwa nyingi. Chai hawanywi. Mmoja hamwachi mwenzake, hata dukani wanakwenda wawili, hata mmoja akiumwa tumbo mwenzake anakaa nje ya mlango wa choo anamsubiri. Na ndani kwangu hawakuingia hata siku moja.

"Bibi, hatuingii kama ndani ni wanawake watupu," Mkenya alisema.

"Mnaniogopa mimi? Nina meno manne, na moja linatikisika."

"Ndiyo sheria, bibi."

"Haya, kaeni hapo nje mkaangwe na jua."

Wakakaa. Ndiyo maana mambo yote ninayoyaandika hapa yalitokea uani, mbele ya macho ya watu.

Huyo Mkenya tulikuwa tunamtania kwa Kiswahili chake. Anakuja anasimama, "Nipe maji." Mama wa Kondoa anamwambia, "Umeniazima? Sema naomba, mwana wee." Lakini alikuwa na moyo mwema, na ndiye aliyejua kula. Mzungu mlenda ulimshinda. Ukimponyoka kwenye vidole anaufuata kwa ulimi mpaka kwenye kiwiko, na sisi tumeshika mbavu. Hakukasirika. Nilipomuuliza kwao wanafanya nini, akasema baba yake anafuga ng'ombe. Nikamtazama upya. Nikamwambia, "Kumbe wewe ni mtu kabisa." Tangu hapo nikawa namsalimia mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo, kama ninavyowasalimia wa kwetu wenye ng'ombe, naye akaitikia.

Jumatatu walikuwa wanafua na kupiga simu kwao. Hiyo ndiyo siku yao ya kuongea na wazazi, mara moja kwa juma. Huku jua limeshaanza kuteremka, kwao ndiyo kunakucha. Mzungu alikuwa anakuja kukaa kwenye kigoda changu kwa sababu mtandao unashika zaidi pale kuliko kwake, na Mkenya upande ule mwingine wa ua anaongea na wa kwao. Hivyo ndivyo nilivyomwona mama yake, kwenye kioo cha simu, akiwa kitandani, amejifunga kitambaa kichwani.

Mimi vitambaa vya namna ile navijua. Kuna cha mtu anayesuka kesho, na kuna cha mtu ambaye chini yake hakuna kitu.

Yule mama alinipungia mkono akasema, "Asante, bibi." Mwanawe alimfundisha. Kisha akaongea kwa kwao, kijana akanitafsiria. "Anauliza kama mimi nakula."

"Mwambie unakula, ila mlenda unakimbizana nao."

Akacheka yule mama, halafu akakohoa muda mrefu, na kijana akawa anatazama miguu yake mpaka kikohozi kikaisha. Alipokata simu nikamuuliza.

"Mama anaumwa nini?"

"Saratani, bibi. Ilianza kabla sijaja."

"Na ukaja?"

"Yeye ndiye aliyesema nije."

Si mwanangu, nikajiambia. Lakini kila Jumatatu nilikuwa nakitazama kile kitambaa, na uso chini yake ulizidi kuwa mdogo.

Kisha akaja seremala. Alikuja saa ya kazi, randa bado mkononi, nikajua kuna neno. Wakubwa wao wa Dar es Salaam walikuwa wamempigia ili aje akae na kijana. Mama yake amebakiwa na siku chache. Kama anataka kwenda, ndege ipo, hakuna atakayemlaumu, na akitaka atarudi baadaye kumalizia muda wake. Kama anataka kubaki, abaki. Jibu litolewe kesho asubuhi.

Tulikaa pale uani sote, seremala, wale wawili, mimi na mkwe wangu. Kijana akasema mama yake alimwambia Jumatatu iliyopita, maliza kazi uliyotumwa, usirudi kwa ajili yangu.

Nikamwambia habari ya mama yangu. Alipolala kijijini, ng'ambo ya Makutupora, alituma mtu aniambie nisihangaike, nina watoto wadogo, mvua yenyewe hakuna, nibaki tu. Nikaenda. Nilipoingia alinigombeza mbele ya watu, nani kakuita, watoto umemwachia nani? Ananigombeza hivyo huku mkono wangu kaushika, na hakuuachia mpaka asubuhi ya tatu, wakati tulipoutoa wenyewe. Nikamwambia kijana, "Mjukuu wangu, mama mgonjwa akisema usije, anakuhurumia tu. Nenda."

Mkenya naye hakuweza kujizuia. "Mimi nimekuambia tangu juzi. Kwetu mtoto asipomzika mama yake hapati hata pa kukaa nyumbani. Panda ndege, bwana! Hao watu wa kufundisha watakuwepo tu."

Kijana aliinama. Alikuwa anaokota vijiwe chini na kuviweka mstari. Halafu akasema polepole, "Mama yangu hasemi kitu ambacho hataki. Aliuza farasi wake ili mimi nije hapa. Nikirudi kabla, nitamwambia nini?"

"Utamwambia shikamoo," mkwe wangu akasema. "Inatosha."

Asubuhi akajibu kwamba anabaki. Wakavaa tai zao, wakatoka kwenda kubisha hodi kwenye nyumba za watu.

Mama alifariki siku ya Ijumaa.

Sisi hatukujua watu wa kwao wanafiwaje, kwa hiyo tulifanya kama tunavyofanya. Mama wa Kondoa alipopata habari aliangua kilio papo hapo mlangoni kwake, sufuria ya mafuta bado iko motoni, na kilio kikishatoka hakuna wa kukirudisha. Watu wakaja. Mikeka ikatandikwa, wanawake wakawasha moto, wanaume wakapanga mawe na viti vya kuazima nje ya ukuta. Tukamwekea mfiwa mkeka wake penye kivuli, mkwe wangu akamvua viatu kwa mkono wake. Watu wakawa wanaingia mmoja mmoja wanamshika mkono, pole, pole sana baba. Wengine walikuwa hawamjui kabisa. Mkenya alikaa kando yake, analia waziwazi kama amefiwa yeye.

Mzungu hakulia. Alikaa kidogo, mgongo wima kama yuko kanisani. Kisha akainuka, akavaa viatu vyake, akachukua ndoo mbili akaenda bombani.

Ua mzima ukageuka kumtazama.

"Mfiwa habebi ndoo!" mama wa Kondoa akamkimbilia. "Rudi ukae! Watu wataona tumekushindwa!"

Akasema, "Watu wengi, mama. Maji yatakwisha."

Alileta maji. Akarudi kuleta mengine. Akapasua kuni. Chakula kilipoiva akachukua birika na beseni akawa anawanawisha watu mikono, yeye, mwenye msiba, anainama mbele ya kila mtu. Wengine walinawa huku wametazama pembeni. Mzee mmoja wa kanisani kwangu alificha mikono nyuma kama mtoto, akasema, "Mimi sinawishwi na mfiwa," akaondoka bila kula.

Nikamwita. "Njoo ukae hapa karibu yangu."

"Bibi, nikikaa nifanye nini?"

"Ulie."

"Halafu?"

"Halafu ulie tena. Kazi ya leo ni hiyo tu, hizo nyingine tuachie sisi."

Akanitazama kama mtu anayesikia lugha ambayo alishaijua, sasa imempotea. Akaniwekea kikombe cha maji ya moto, akaenda kuosha masufuria. Kwao, nadhani, ndivyo alivyofundishwa, ukiumia utumikie. Mimi sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba siku ile kila ndoo aliyoibeba ilinishukia mimi moyoni.

Siku ya mazishi walimwonyesha kijana kwa simu. Dada yake ndiye aliyeshika simu huko. Sisi tuliweka yake juu ya ndoo iliyofunikwa, ikaegemezwa tofali, tukakaa kuizunguka jua linazama, wale wale niliowaandika mwanzo. Tukaona majani ya kijani yamekatwa kama zulia. Watu wamevaa makoti. Sanduku zuri, linang'aa, limewekwa juu ya vyuma, na chini yake kitambaa cha kijani, shimo lenyewe halionekani. Baba yake, mtu mrefu, akasali. Mkwe wangu akaanza wimbo kwa sauti ya chini, tukamfuata.

Kisha wale watu huko wakainuka. Wakakumbatiana, wakaweka maua juu ya sanduku. Wakaanza kwenda kwenye magari.

Mama wa Kondoa alikuwa wa kwanza kuona. "Mbona wanaondoka?"

Akasogeza uso karibu na simu.

"Bado yuko juu! Hajateremshwa! Jamani, mbona wanamwacha?"

Picha ikawa inatikisika, ni dada anatembea, tunaona nyasi, tunaona viatu vyake. Mkwe wangu akamshika kijana bega. "Waambie warudi. Waambie hawajamfukia."

Kijana akasema, "Kuna watu wa kazi hiyo. Wanakuja baadaye, na mashine."

"Watu gani? Ndugu zenu?"

"Hapana. Wafanyakazi."

"Na udongo?" nikamuuliza mimi. "Baba yako hatupi udongo? Dada yako?"

Kwetu hata mtoto anayebebwa mgongoni hufumbuliwa kiganja akawekewa udongo, autupe. Hata adui wa marehemu hutupa. Kijana akaitazama simu. Akasema, "Sijui, bibi. Sikuwahi kufikiri nani anamalizia."

Simu ikakatika. Seremala akasema tuombe, tukaomba. Tulipofumbua macho kijana alikuwa ameshachukua ndoo.

Kabla ya msiba walikuwa wameahidi kumchimbia mama wa Kondoa shimo jipya la choo, la zamani lilikuwa limebomoka. Waliporudia siku zao za kutumikia, Mzungu akateremka kwenye shimo lile, na hapo ndipo tulipompoteza.

Udongo wa Ipagala juu ni mwekundu, ukishuka unakuwa mgumu mpaka sururu inatoa cheche. Yeye alichimba. Mkenya anavuta ndoo kwa kamba, anamwaga, anarudisha. Siku ya pili mama wa Kondoa akasema kina kinatosha, asante baba, Mungu akulipe. Akasema bado kidogo. Siku iliyofuata, ambayo haikuwa siku yao ya kazi hiyo, akaamkia mle, na shati lake jeupe. Watu wa kufundishwa walisubiri, hawakutokea. Mkenya hakuweza kumwacha kwa sababu ya sheria yao, akawa anakaa ukingoni na kitabu chake kimefungwa mapajani. Chakula kilishushwa kwenye ndoo, kikapanda kama kilivyoshuka.

Akaja kwangu, amekauka midomo. "Bibi, hanijibu. Nikimwita ananitazama tu. Mimi nimetumwa naye, nimwambie nani?"

"Kamwite seremala," nikamwambia. Mimi mkwe wangu akanichukulia kiti, akanishika kwapa mpaka upande wa pili wa ukuta.

Nilipochungulia niliona kichwa tu, nywele zimekuwa nyekundu za vumbi. Sururu inapanda, inashuka.

"Mjukuu wangu, shimo limetosha."

"Bado, bibi."

"Mama mwenye nyumba amesema limetosha. Toka unawe, ule."

"Bado."

"Mama yako ameshafukiwa, mwanangu. Muda mrefu sasa."

Akasimama. Akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile niliona machozi, yanapasua vumbi usoni.

"Na nani?" akaniuliza.

Mimi nimefiwa sana. Nimezika mume, nimezika watoto, nimesema pole mpaka ulimi umeota sugu. Hilo sikuwahi kuulizwa. Nikakaa kwenye kiti changu juu ya shimo la choo, nikalia, na yeye chini akalia, na kwa kweli hapo ndipo msiba wake ulipoanza, wakati wengine wote walikuwa wameshakunja mikeka na kwenda zao.

Seremala akaja na ngazi na kamba, akashuka, akamfunga kiunoni, yeye na Mkenya wakamtoa.

Haikupita muda, gari likaja kutoka Dar es Salaam kumchukua. Waliongea naye kwa upole, wakubwa wale, sikuona ukali wowote. Wakaona hawezi tena. Miaka yake miwili ilikuwa haijatimia. Mkenya alimfulia mashati yote, akampigia pasi hata lile la shimoni, doa la udongo halikutoka. Mzungu alikuja kuniaga akasimama nje kama kawaida, akanipa shikamoo.

Nikamwambia, "Ukifika, kabla hujaingia nyumbani, pitia makaburini."

Akaitikia kwa kichwa tu.

Basi kazi aliyoambiwa na mama aimalize hakuimaliza, na mama mwenyewe hakumzika. Vyote viwili vimemponyoka. Mkenya alipomaliza muda wake na kurudi kwao alimwandikia mkwe wangu kwenye simu kwamba mwenzake yuko na ng'ombe wa baba yake, hapokei simu za watu, na kanisani haonekani. Kama alipitia makaburini Mkenya hakujua. Mama wa Kondoa alikaa muda bila kujenga juu ya lile shimo, akilipita analizunguka kwa mbali. Mwishoni akajenga. Angefanyaje, uwanja wenyewe ni huo huo.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo limenifanya niandike. Walipomtoa shimoni alikaa juu ya kifusi, miguu inaning'inia ndani. Mkwe wangu anasema alichota udongo kwa mkono wa kuume, akautupa mle shimoni, akasema neno kwa kwao. Mama wa Kondoa anakataa, anasema alikuwa anakung'uta vumbi tu, kama mtu yeyote aliyetoka kwenye kazi. Mimi machozi yalikuwa yamenijaa, sikuona. Majina nayakumbuka yote, lakini hili sina. Seremala alihamia kwa watoto wake na Mkenya yuko kwao, namba yake siku hizi haipatikani. Hao wawili walikuwa wamemshika mabega. Kama haya yatawafikia, wanisahihishe popote nilipokosea, sitachukia. Na juu ya ule mkono wake waniambie, aliutupa udongo au hakuutupa.